Tengo hambre, nina njaa
Mhadhara kwa wazazi na walimu, Bondeni, Nakuru



Nimeombwa nizungumze juu ya kuwasaidia watoto wajifunze Kihispania. Nilipoletewa mada nilicheka. Kihispania, Bondeni? Hapa mtoto akitumwa maji tu, hajafika kwenye bomba, amekwisha kusalimiwa kwa Kikuyu, akatukanwa kwa Kijaluo, akaitwa kwa Kiluhya, akapishana na wazee wanaoongea Kisomali na Kinubi, na yeye mwenyewe amewajibu wote kwa Kiswahili chenye Sheng nusu. Tumwongezee na Kihispania? Nikacheka sana. Kisha nikakumbuka daftari la mjukuu wangu, nikaacha kucheka.

Mjukuu huyo ana miaka kumi. Shule anayosoma sitaitaja, ila wana klabu ya Kihispania mara moja kwa juma. Jioni moja alirudi na zoezi limejaa wino mwekundu. Waliulizwa umri wao, naye akaandika "Soy diez". Mwalimu akapiga mkato, akaendelea na daftari linalofuata. Maelezo hakuna. Nikamwuliza mtoto: umeitoa wapi hii? Akaniambia, "Nyanya, kwa Kiingereza mtu husema yeye *ni* miaka kumi. Nikageuza."

"Na mimi nikikuuliza, una miaka mingapi?"

"Nina miaka kumi."

"Basi andika hiyo."

*Tengo diez años.* *Tengo* ni "nina", *diez* ni "kumi", *años* ni "miaka". Kumi imetangulia miaka, hiyo tu ndiyo tofauti. Mtoto akatazama daftari, akanitazama mimi, akauliza: "Sasa mbona hakutuambia?"

Swali hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Mimi si mwalimu wa Kihispania. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote ya kazi, na Kihispania nilikianza uzeeni, kwa ukaidi, baada ya kustaafu. Labda ndiyo sababu niliona lile ambalo mwalimu kijana, aliyefunzwa kwa vitabu vya Kiingereza, hakuliona. Mtoto wa Bondeni hupelekwa Uhispania kwa kupitia Uingereza. Anazungushwa bure. Barabara ya mkato inapita mlangoni kwake.

Hebu tuitembee kidogo. Kwa Kihispania mtu mwenye njaa husema *tengo hambre*: nina njaa. Kiu ni *tengo sed*: nina kiu. Usingizi ni *tengo sueño*: nina usingizi. Woga na haraka, vyote mtu "anavyo", kama sisi. Mwingereza husema yeye *ni* mwenye njaa, *ni* mwenye kiu, kana kwamba njaa ni kabila. Sasa kichwa. Mswahili husema "kichwa kinaniuma": kichwa ndicho mtendaji, mimi ndiye ninayetendwa. Mhispania husema *me duele la cabeza*, na sarufi yake ni hiyohiyo, kichwa kinafanya, mimi naumia. Na kitu kikimfurahisha husema *me gusta*, kinanipendeza. Watoto wanaofunzwa kwa Kiingereza huhangaika na *me gusta* miezi mitatu, wakiandika "mimi napendeza maziwa". Wangu nilimwambia: maziwa yananipendeza, *me gusta la leche*, na hatukurudi tena kwenye jambo hilo.

Halafu kuna kile kitendawili kinachowatoa jasho watu wazima London na Chicago: vitenzi viwili vya "kuwa", *ser* na *estar*. Vitabu hutumia kurasa na kurasa. Lakini mtoto wetu anajua tangu hajaota meno ya pili kwamba "mimi *ni* mwanafunzi" si sawa na "mimi *niko* nyumbani". Hawezi kukuambia "mimi ni nyumbani". Angechekwa kwenye plot nzima. Basi *soy* ni ile "ni", na *estoy* ni ile "niko". *Soy alumna, estoy en casa.* Ulinganifu huu haufiki hadi mwisho wa safari, nakiri. Mahali unapofanyika mkutano, kwa mfano, Wahispania hurudi kwa *ser*, na hapo mtoto itabidi akariri. Lakini atakuwa amekwisha kufika mbali.

Na ngeli! Watoto wengi duniani wakifika kwenye *libro rojo, libros rojos, mesa roja, mesas rojas* huuliza kwa nini rangi ibadilike kwa sababu ya kitabu au meza. Wetu haulizi. "Kitabu chekundu, vitabu vyekundu" ameyanyonya pamoja na maziwa. Kihispania kina jinsi mbili tu, ya kike na ya kiume, na aliyezoea ki-vi, m-wa, u-zi na nyinginezo atashangaa kwamba ndiyo basi, zimeisha. Shida iliyopo ni kujua neno lipi liko upande upi, maana *mano*, mkono, lina sura ya kiume na ni la kike. Dawa yake ni ileile tuliyotumia kwa ngeli: mtoto asifunzwe neno likiwa uchi. Asifunzwe *mano*, afunzwe *la mano*, kama tusivyomfunza "kitabu" bila kumsikilizisha "kitabu changu".

Kuhusu sauti nitasema kwa ufupi, maana hapa habari ni njema mno. Vokali za Kihispania ni tano: a, e, i, o, u. Ni hizihizi zetu, na hazibadiliki sauti kama zile za Kiingereza zinazovaa kofia tofauti kila mtaa. Kinaandikwa kama kinavyotamkwa, karibu chote. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho katika maneno mengi, kama Kiswahili: *ca*sa, *me*sa, ban*de*ra. Pale mkazo unapokiuka kanuni huwekewa alama ya wazi, kama katika *café*. Ile ñ ni "ny" yetu ya nyanya. Ile *j* ni "kh", na watoto wanaotoka madrasa hapa jirani wataitoa bila kukohoa. Watu wa Madrid hutamka *z* kama "th" ya thelathini. Watu wa Meksiko huitamka "s". Mtoto achague moja asiombe radhi. Kazi iliyobaki ni ya wale tunaochekana kwa "kura" na "kula". *Pelo* ni nywele, *pero* ni lakini, *perro* ni mbwa. Hapo mtaa mzima lazima ukae chini ufanye mazoezi.

Maneno yenyewe je? Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593, na hata walipofurushwa mwaka 1698, walituachia vitu ambavyo havikurudi melini. Kireno na Kihispania ni ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo mtoto wako anapoambiwa *mesa* anaiona meza, *bandera* anaiona bendera, *vino* anaujua mvinyo (natumaini kwa jina tu), *carta* anazikumbuka karata. Na lile bomba nililolitaja mwanzo, analochotea maji asubuhi, ni *bomba*.

Kuna urithi mwingine wa zamani zaidi. Waislamu walitawala sehemu za Uhispania kuanzia mwaka 711 hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492. Karne hizo karibu nane ziliacha Kiarabu ndani ya Kihispania kama kilivyoachwa ndani ya Kiswahili, watu wawili wasiojuana waliokopa kwenye duka moja. Sukari ni *azúcar*. Zafarani ni *azafrán*. Zaituni ni *aceituna*. Neno letu "hata", ambalo zamani lilibeba pia maana ya "mpaka", ni pacha wa *hasta*, lile wanaloagania: *hasta mañana*, mpaka kesho. Kadhi alivuka bahari akawa *alcalde*, naye huko ni meya. Diwani akawa *aduana*, forodha, mahali pa kulipia ushuru. Na mtu akitamani jambo litokee husema *ojalá*, neno lililobeba jina la Mwenyezi Mungu tumboni bila Wahispania wengi kukumbuka. Nilipomwambia hilo jirani yangu, mzee mmoja wa hapa msikitini, alitabasamu akasema, "Kumbe wametuachia ufunguo chini ya zulia."

Sasa mzazi aliyekaa pale mbele ananitazama kwa jicho la kusema: haya yote mazuri, lakini ya kazi gani? Sitawadanganya. Katika mtihani wa KCSE lugha za kigeni zilizozoeleka ni Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu. Kihispania kinabaki kwenye klabu, vyuo, na nyumba za wazazi wenye hamu. Lakini hapa tulipo tuko kando ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru, na mwongozaji watalii mwenye lugha ambayo wenzake hawana hakosi kazi. Wanariadha wa bonde hili la ufa huenda Uhispania kama mtu anayekwenda Naivasha. Kibiwott Kandie alikimbia nusu marathoni pale Valencia Desemba 2020 kwa dakika 57 na sekunde 32, rekodi ya dunia wakati huo. Kelvin Kiptum, Mungu amrehemu, alikimbilia hapohapo marathoni yake ya kwanza Desemba 2022, akamaliza kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 53. Januari 2018 Michael Olunga aliifungia Girona mabao matatu katika mechi moja dhidi ya Las Palmas, na vijana wa hapa wakajua Girona iko wapi kabla ya kujua Gilgil iko wapi. (Wenyeji wa Girona husema Kikatalani, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.) Na jamaa zetu walioko Marekani watawaambia: nchi ile ina watu zaidi ya milioni 40 wanaozungumza Kihispania majumbani mwao. Hata barani humu kuna Guinea ya Ikweta, ambako Wafang na Wabubi, Wabantu kama wengi wetu, husoma shule kwa lugha hiyo.

Hizo ni sababu za watu wazima. Mtoto hajifunzi lugha kwa sababu ya kazi atakayoipata mwaka 2045. Hujifunza ili aingie kwenye mchezo.

Hapa ndipo ninapogombana na simu. Wazazi huniambia, "Mwalimu, nimempakulia programu, nimemwekea katuni za Kihispania, anatazama saa mbili kwa siku." Nawaeleza jaribio lililofanywa Seattle na mtaalamu aitwaye Patricia Kuhl na wenzake, likachapishwa mwaka 2003. Walichukua watoto wa miezi tisa wa familia za Kiingereza. Kundi moja likakaa na watu wazima wakicheza nao na kuwasomea kwa Kichina, vikao 12 vya dakika 25 hivi. Kundi jingine likapewa watu walewale, maneno yaleyale, kwenye televisheni. Wa kwanza wakajifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wa televisheni hawakuambulia chochote. Mtoto mkubwa anaweza kufaidi zaidi kwenye kioo kuliko mtoto mchanga, sikatai, lakini asili ya jambo haibadiliki: lugha hufuata uso wa mtu. Mnakumbuka tamthilia za Meksiko zilizotufanya tuunguze sukuma, Cuando Seas Mía na nyinginezo? Tulitazama miaka. Nani hapa alitoka na Kihispania? Zilitafsiriwa kwa Kiingereza, midomo ikienda huku na sauti kule. Tulichobaki nacho ni jina la tamthilia na wimbo wake.

Mtaniuliza, uso wa nani? Nakuru Wahispania wako wapi? Wapo wachache: Kenya ina mapadre na masista waliotoka Meksiko, Kolombia na Uhispania, na wako waongozaji watalii walioisoma lugha. Mwombe mmoja nusu saa ya Jumamosi, na chai juu yako. Lakini mtu muhimu zaidi ni wewe usiyejua. Keti ufundishwe na mtoto wako. Akuambie *siéntate*, uketi; *levántate*, usimame; *dame agua*, umpe maji. Mwanasaikolojia Mmarekani James Asher, tangu miaka ya 1960, alijenga njia nzima ya ufundishaji juu ya jambo hili, mtu kuitikia amri kwa mwili kabla ya kulazimishwa kusema. Walimu wetu wa chekechea walikuwa na mchezo wa simama-keti bila kumsoma Asher. Watoto wakicheza kalongolongo, baba awe wa Bondeni na mama awe wa Barcelona, wagombane kuhusu unga. Dakika 15 za namna hiyo kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi anapokaa ameshika tama.

Wala msikimbizane na umri. Kuna wanaomkamua mtoto wa miaka mitatu kwa hofu kwamba mlango utafungwa. Mwaka 2018 Joshua Hartshorne, Joshua Tenenbaum na Steven Pinker walitoa utafiti uliokusanya majibu ya watu kama 670,000 juu ya sarufi ya Kiingereza, wakaona uwezo wa kushika sarufi hubaki juu mpaka miaka kama 17 ndipo ushuke. Walisema pia kwamba anayetaka kufika kiwango cha mzawa ni heri aanze kabla ya miaka kumi au hapo hapo, kwa kuwa safari ni ndefu. Mjukuu wangu yuko mlangoni hasa. Nyanya yake amechelewa, lakini amekwenda.

Nina neno moja zito, na wengine halitawafurahisha. Kuna nyumba humu mtaani ambamo mtoto amekatazwa Kiswahili na lugha ya bibi yake ili Kiingereza "kikae vizuri". Anakatazwa kwa upendo, najua. Ninyi na mimi tulipitia shule za kibao cha shingoni, kile tulichokiita diski: ukinaswa unaongea lugha ya nyumbani unavikwa, mpaka umnase mwenzio. Ngũgĩ wa Thiong'o katika *Decolonising the Mind*, mwaka 1986, alisimulia shule yake ilivyotumia kifungo kilichopitishwa mkono hadi mkono, na jioni kila aliyekishika akachapwa. Kifungo, tazameni neno lenyewe. Sasa shule nyingi zimekiacha, sisi tumekichukua tukakipeleka jikoni. Mtoto aliyepokonywa "nina njaa" atakuja kuhangaika na *tengo hambre* kama watoto wa London, na hata hajafika London. Daraja nililowaonyesha jioni hii limejengwa kwa Kiswahili cha plot. Ukimnyima hicho, mimi sina daraja lingine la kumpa.

Na akikosea, mwacheni akosee. Akisema *la problema* badala ya *el problema*, wewe mjibu tu kwa umbo sahihi, kama tunavyomfanyia mdogo anayesema "vitu yangu". Hatumvishi kitu shingoni. Tunamwambia, "Ndiyo, vitu vyako viko pale," naye anaendelea.

Nimalizie na habari ya mandazi. Nyuma ya nyumba yetu kuna mama anayekaanga mandazi alfajiri, amekaa mtaa huu miaka mingi kuliko taa za barabarani. Mjukuu wangu alianza kumwendea akisema *tengo hambre*. Siku ya kwanza mama akamwuliza kama ni mgonjwa. Mtoto akamweleza: ni nina njaa, hivyohivyo. Siku ya tatu mama akauliza Wahispania husemaje "ngapi". Sasa ukipita pale kabla jua halijatoka utamsikia akimwuliza kila mtoto wa shule, "*¿Cuántos?*", nao wakimjibu kwa vidole na kelele, *dos, tres, cuatro*. Wiki iliyopita nilimkuta amepandisha bei shilingi tano. Nikamwuliza kulikoni. Akafuta mikono kwa leso, akaniambia: "Mwalimu, si wewe uliyemwambia mtoto diwani wa huko anakusanya ushuru?"

Nimeona mkono pale nyuma. Karibu, mama, uliza.